Kinga Inapogeuka Kuwa Tiba

Kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo tumeifundisha kana kwamba maneno hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Kumbe utabibu umeyapika pamoja. Saratani ya nyuma ya pua, mahali panapokutana na koo, ambayo aghalabu huandamana na virusi vya Epstein-Barr, sasa hutibiwa pia kwa dawa zinazoiamsha kinga ya mwili. Oktoba 2023 Marekani iliidhinisha mojawapo, toripalimab, kwa wagonjwa ambao saratani hiyo imewaenea au imewarudia.

Seli za kinga ni mfano wa mbwa wa ulinzi. Juu yake mna protini iitwayo PD-1, iliyogunduliwa na kundi la Tasuku Honjo wa Japani mwaka 1992. Protini hiyo ni kama sikio linalosikia amri ya "tulia", mbwa asije akamwuma mwenye nyumba. Saratani ni mwizi aliyejifunza sauti ya mwenye nyumba: huitoa amri hiyo, mbwa akalala. Dawa huliziba sikio. Honjo alituzwa Nobel mwaka 2018, pamoja na James Allison wa Marekani.

Tuiiteje kwa Kiswahili? "Tibakinga" ni neno zuri kimuundo, maadamu "tibakemikali" tunalo tayari. Lakini kwa mwananchi wa kawaida kinga ni chanjo, ni chandarua. Atakayeambiwa apewe "dawa ya kinga" atauliza, na ana haki, ya nini ilhali nimekwisha kuugua? Mwingine ataidhani vitamini isiyodhuru. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu. Mbwa aliyezibwa sikio hamsikii hata mwenye nyumba: kinga yaweza kuushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingoni, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya matibabu. Mgonjwa aharaye akanunua vidonge dukani, akidhani ni chakula tu kilichomdhuru, aweza kupoteza maisha kwa sababu ya neno alilolielewa vibaya.

Mimi ningechagua kitenzi "kufungulia", maana kila afunguliaye mbwa usiku anaijua hatari yake. Wanafunzi wa tafsiri, kabla ya kuniletea istilahi, nileteeni kwanza sentensi kama hii: "Dawa hii itaifungulia kinga yako, ukihara au ukikosa pumzi, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, uwaambie unatumia dawa gani."