Ruta yako ya pili imekataa kuwa daraja? Jaribu hivi

HEBU tuseme umefungua saiba mjini Garsen. Ruta ya intaneti iko chumba cha mbele. Chumba cha nyuma una kompyuta ya mezani na printa, zote za kutumia waya tu, na mwenye nyumba hataki utoboe ukuta.

Unanunua ruta ya pili, unaiwekea mfumo wa OpenWrt, inashika WiFi ya mbele ili ipeleke kwa waya huko nyuma. Unataka pawe na mtandao mmoja, mwanafunzi aliye mbele achapishe fomu yake ya HELB moja kwa moja kutoka kwa simu. Unaunganisha WiFi na waya kwa daraja. Wapi! Kompyuta haipati mtandao.

Ruta yako haijaharibika. Kila kifaa kina anwani yake ya MAC. Ruta ya pili ikijiunga kama mteja, ruta ya mbele inaitambua hiyo peke yake. Pakiti ya kawaida ya WiFi hubeba anwani tatu, na hapo hakuna nafasi ya kutaja kifaa kilicho nyuma ya mteja. Ndiyo maana keneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010 hukataa daraja la aina hiyo.

Una njia tatu.

Ya kwanza hufanyika ndani ya keneli: anwani nne, au WDS. Pakiti huongezewa nafasi ya nne, na kompyuta ya nyuma inajulikana kwa MAC yake. Hili ni daraja kamili. Lakini lazima ruta zote mbili zikubaliane, na za kampuni tofauti mara nyingi hazielewani.

Ya pili ni relayd, programu inayofanya kazi nje ya keneli. Mtandao ukiuliza anwani fulani ya IP ni ya nani, yenyewe hujibu kwa niaba ya vifaa vya nyuma, kisha huiachia keneli kazi ya kusafirisha data.

Kumbuka mwishoni mwa 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Lamu pale Gamba. Abiria walishuka, wakavushwa kwa boti. Walifika, ila si kwa gari walilotoka nalo. Kwa relayd, IP ndiyo abiria, MAC ndiyo gari lililoachwa.

Uzuri wake ni kwamba ruta ya mbele haiguswi. Ubaya ni kwamba inahudumia IPv4 pekee, na simu huenda isiione printa. Ipe printa IP isiyobadilika, kisha uiandike kwenye simu. Pia, kama mtandao wa mbele ni 192.168.1, upande wa waya wa ruta yako uweke 192.168.2 na uzime DHCP yake.

Ya tatu ni NAT: vifaa vyote vya nyuma hutoka kwa jina la ruta yako. Ndiyo rahisi zaidi, ila simu za mbele hazitaifikia printa hivi hivi.

Basi chagua hivi: ruta zote mbili ni zako na zina OpenWrt? Tumia WDS. Ya mbele huruhusiwi kuigusa? Omba ruhusa ya kujiunga, kisha weka relayd. Unataka intaneti tu? NAT yatosha.