Githeri ya Mos Mos: Zima Gesi, Wacha Kikapu Kimalizie Kazi

Baridi ya Nakuru mwezi wa saba na wa nane haina beshte. Na huo ndio msimu mahindi mabichi ya Bahati, Subukia na Rongai yanaanza kujaa soko, waru ya Molo na Mau Narok ikiwa kando yake. Form ya familia inajulikana: githeri. Shida ni moja tu, githeri inakula gesi. Ukiitokotesha masaa matatu, unaona ganji ya mtungi ikiisha ukiangalia.

Na usidhani ni jiko lako limezubaa. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Nakuru mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yanachemka kwa nyuzi kama 94. Ukipanda Molo inashuka zaidi, karibu 92. Ata uongeze moto aje, hayapiti hapo. Utamaliza gesi bure na maharagwe bado yatakuwa yanagonga meno.

Hapa ndio kikapu kinaingia. Wengi wanakiita fireless: kikapu kikubwa kilichojazwa kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Kumbuka maharagwe hayataki moto, yanataka joto likae. Kama joto la sufuria haliendi mahali, chakula kinaendelea kuiva mos mos na jiko limezimwa.

Hauna haja ya kununua. Tafuta kikapu kipana ama katoni ngumu. Jaza chini na kando blanketi kuukuu, mabaki ya godoro ama nyasi kavu, unene wa kiganja hivi. Tandika kitambaa safi cha pamba ndani, kisha shona mto wa kufunika juu. Sufuria inafaa kukaa imebanwa kabisa, kwa hivyo chagua isiyo na mkono mrefu na yenye kifuniko kinachokaza.

Sasa dishi ya watu watano:

1. Usiku, loweka vikombe viwili vya maharagwe makavu, nyayo ama ile unapenda. Asubuhi mwaga hayo maji.

2. Weka maharagwe kwa sufuria na maji mapya, yapite juu kama vidole viwili. Usijaze sana, kwa kikapu maji hayapotei na mvuke.

3. Chemsha kwa moto mkali nusu saa, yakirukaruka kweli kweli. Dakika kumi za mwisho ongeza vikombe vitatu vya mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, yale yameanza kukomaa kidogo. Hakikisha yamechemka tena.

4. Toa sufuria ikiwa bado inatokota, usifunue, iingize kwa kikapu chap chap na ufunike. Masaa matatu hadi manne. Enda job, enda kanisa, lakini usichungulie. Kila ukifunua, joto linatoka.

5. Ukirudi, kaanga kitunguu na nyanya, tupa waru, karoti na hoho, mimina githeri yako na uchemshe tena mpaka waru iive. Chumvi na dania mwisho. Ovakado kando kama iko.

Hesabu moto uliotumia: nusu saa asubuhi na dakika chache za kukaanga. Hayo mengine yote yamefanywa na blanketi.

Lakini skiza, kuna kitu moja hauwezi ruka: hiyo nusu saa ya kuchemsha. Maharagwe mabichi, sana sana mekundu, yako na sumu ya asili inaitwa lektini. Mtu akila yakiwa hayajaiva, ndani ya masaa machache anaanza kutapika na kuhara. Maji yanayochemka yanaiua, joto la vuguvugu haliiui. Ndio maana ata kama uko na ile sufuria ya stima ya kupika polepole, usitupe maharagwe makavu humo na kuenda zako. Chemsha kwanza kwa jiko, kisha uhamishe. Hapa kwetu juu, maji yetu yakiwa na joto pungufu, usipunguze dakika.

Na usiache sufuria kwa kikapu usiku kucha. Joto likishuka, bakteria wanaanza sherehe. Ukifunua ukute chakula ni vuguvugu tu na maharagwe ni magumu, rudisha kwa moto yachemke kabisa, kisha uingize tena.

Ukishaizoea githeri, hicho kikapu kitabeba matumbo, supu ya mifupa na mchele pia. Sheria ni ile ile: chemsha kabisa, jaza sufuria vizuri ndio ishike joto, banana na blanketi, na usifunue. Mathe akiuliza mbona mtungi wa mwezi huu umedumu, muonyeshe kikapu.