Pingili ya Muhogo Hurithisha Wema na Maradhi

Kata kipande cha shina la muhogo lililokomaa, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Kitazame vizuri: kina vifundo, na penye kila kifundo pana jicho dogo. Kifukie ardhi ikiwa na unyevu. Upande wa chini utatoa mizizi, na macho yatachipua. Hapo hapakuhitajika ua wala mbegu. Mmea mpya umetoka kwa mzazi mmoja tu.

Huo ndio uzazi usio wa kijinsia. Seli za pingili hugawanyika, na kila zinapogawanyika hunakili jeni zilezile za mzazi. Bakteria hujigawa kuwa wawili, hamira huchipuza, mgomba hutoa machipukizi, viazi vitamu hupandwa kwa marando. Njia ni nyingi, kanuni ni moja.

Mkulima hunufaika sana. Akipata muhogo mtamu unaozaa vizuri, pingili zake humpa muhogo uleule. Mbegu ya ua ingechanganya jeni za wazazi wawili, na kila mche ungekuwa na tabia yake.

Lakini nakala hubeba pia maradhi. Virusi vikiwa ndani ya shina, vimo ndani ya pingili. Ugonjwa wa batobato, unaokunjakunja majani na kuyatia mabaka, uliripotiwa Usambara mwaka 1894. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni msiri zaidi: mmea unaweza kuonekana umestawi, ukikata muhogo wenyewe ukakuta umeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Nzi weupe hueneza virusi hivyo shamba hadi shamba. Pingili huvisafirisha wilaya hadi wilaya. Na kwa kuwa mimea ya shamba zima ni ndugu wa jeni moja, kinachoulemea mmoja huilemea yote.

Katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, walirudi kwenye maua. Walipandanisha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, wakapata mimea yenye ukinzani. Kisha ukinzani huo ukaenezwa kwa pingili.

Basi, ndugu mkulima, usikate pingili kabla ya kukagua majani na kung'oa mashina machache ukapasua mihogo yake. Ukiona madoa, usipande wala usimpe jirani.