Tiba ya Watoto Watukutu: Kweli au Uongo?

"Hiyo ni tiba ya Wazungu, kwingine haifai."
Uongo. Mwaka 2016 Frances Gardner wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichambua majaribio ya programu za malezi za kupunguza utukutu wa watoto wa miaka 3 hadi 10, zilizopelekwa nje ya nchi zilikobuniwa. Hata penye desturi za mbali kabisa, matokeo hayakuwa duni.

"Anayetibiwa ni mtoto."
Uongo, na hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Katika programu mojawapo ya aina hiyo, tiba aliyoianzisha Sheila Eyberg nchini Marekani miaka ya 1970, kwa watoto wa miaka 2 hadi 7, mtaalamu hukaa nyuma ya kioo na kumwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni. Mtoto anapanga vitofali. Mama, aliyezoea kusema "mtoto mzuri" basi, anaelekezwa ataje alichokifanya: "Umenipa kitofali taratibu, nimefurahi." Mchezo huo hauna maswali wala amri, na nyumbani hurudiwa dakika 5 kila siku. Amri huja awamu ya pili: moja, ya wazi, isiyorudiwa mara kumi. (Ni nani kati yetu asiyerudia?)

"Ukishatafsiri, kazi imekwisha."
Uongo. Huko San Diego, Kristen McCabe na May Yeh waliiandaa upya tiba ya Eyberg kwa familia zenye asili ya Meksiko. Waliileta kama mafunzo ya wazazi ili kuwaondolea watu aibu, wakawakaribisha pia baba na bibi. Tiba hiyo ina kiti anachokalishwa mtoto aliyekaidi amri: mzazi mkali aliambiwa ni cha adhabu, mwingine kwamba ni cha kutafakari. Mtoto alikikalia vilevile.

"Kadiri unavyobadilisha, ndivyo inavyofaa zaidi."
Haijathibitika. Katika matokeo ya mwaka 2009, toleo la San Diego liliishinda huduma ya kawaida, lakini halikutofautiana sana na tiba ya Eyberg yenyewe. Wapenzi wa neno "utamaduni" hawatafurahi. Kwa maoni yangu, mapokezi ndiyo ya kubadilishwa, mbinu ziachwe.

"Tiba hii inapingana na mila."
Uongo. Dolores Subia BigFoot wa Oklahoma alijenga toleo la Wenyeji wa Marekani juu ya mafundisho yao ya kale ya kumheshimu mtoto.

Ukiitwa kwenye mafunzo ya malezi, basi, usiende peke yako. Nenda na yule anayeshinda na mtoto.