Mwanzo wa Hadithi na Yasiyosimuliwa: Mifano ya Adili na Fumo Liyongo

1.0 Utangulizi

Maisha ya mhusika mkuu hayaanzi pale hadithi yake inapoanzia. Wahakiki wa Kirusi wa miaka ya 1920, akiwemo Viktor Shklovsky, walitofautisha fabula, yaani matukio kwa mfuatano wake wa wakati, na msuko, yaani mpangilio ambao kwao matukio hayo humfikia msomaji. Makala hii inachunguza jinsi uteuzi wa mahali pa kuanzia unavyoathiri hukumu anayopewa shujaa. Hoja inayotetewa ni kwamba yaliyotangulia mwanzo wa hadithi ni ya namna mbili: yaliyoahirishwa na yaliyoachwa. Kuzichanganya namna hizo humpotosha msomaji.

2.0 Yaliyoahirishwa

Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa. Huko, usiku, Ikibali anamwona liwali Adili, mtu asifiwaye kwa wema, akiwachapa nyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Msomaji anapewa kitendo bila sababu. Sababu inakuja baadaye, Adili anapojieleza mbele ya Rai: nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa husuda, na viboko hivyo ni amri ya jini, wala si ukatili wake mwenyewe.

Lau mwandishi angeanza na utoto wa ndugu hao watatu, viboko vingeeleweka tangu awali, na msomaji asingetiwa katika hatari ya kumhukumu mtu kwa kinachoonekana tu. Hivyo kisengerenyuma hapa si pambo. Ndicho kinachobeba funzo la riwaya.

3.0 Yaliyoachwa

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unafuata njia nyingine. Shujaa anatokea akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, mwenye kimo na nguvu za kutisha. Kuzaliwa kwake na malezi yake hayasimuliwi. Sultani wa Pate anahofia kupokonywa ufalme, anamfunga. Liyongo anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mwishowe mwanawe mwenyewe anamuua kwa sindano ya shaba.

Mapokeo mengine ya pwani hueleza kuwa chanzo cha uadui kilikuwa mgogoro wa kurithi kiti baina ya Liyongo na jamaa yake Mringwari. Habari hiyo inapoingizwa darasani kana kwamba ni sehemu ya utendi, maana hubadilika. Mtawala dhalimu aliyeendeshwa na hofu huwa mdai mwenye hoja yake, na Liyongo aliyeonewa huwa mshindani wa kisiasa. Hata usaliti wa mwana, ambao utendi unauonyesha kuwa ni tunda la tamaa ya ahadi za sultani, huweza kusomwa kama mwendelezo wa vita vya ukoo.

4.0 Hitimisho

Kipimo cha kutenganisha namna hizi mbili ni kuuliza iwapo matini yenyewe inazusha swali ambalo jibu lake limo katika wakati uliopita. Mjeledi wa Adili unalizusha swali hilo waziwazi, na matini inawajibika kulijibu. Utendi wa Liyongo haulizi shujaa alilelewaje. Unauliza nguvu zake zitamponza vipi, na jibu lake unalitoa ndani yake. Kwa hiyo mapokeo ya Mringwari yafundishwe kuwa ni matini nyingine ya kulinganishwa na utendi, wala yasitumiwe kuwa kiraka cha kuziba pengo ambalo mtunzi hakuliacha kwa bahati mbaya. Mwanafunzi asiyeonyeshwa mpaka huo atamhukumu Liyongo kwa kesi ambayo Kijumwa hakuifungua.