Kabla ya Kulipita Trela, Hesabu Tofauti ya Kasi

Madereva wengi wanaotumia barabara kuu ya Mombasa–Nairobi kati ya Manyani, Voi na Maungu huamua kuovateki kwa kujiuliza jambo moja tu: gari linalokuja liko mbali? Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni tofauti ya kasi kati yako na gari unalotaka kulipita.

Chukua trela linalokwenda kilomita 60 kwa saa, nawe una gari dogo na unakwenda 80. Kwa lami unakwenda 80. Kwa trela unakwenda 20 tu, yaani mita 5 na nusu kwa sekunde. Tanboi aliye dirishani anakuona ukimpita polepole kama mwendesha baiskeli. Ukianza mita 20 nyuma yake, upite urefu wake wa mita 18 hivi, uongeze urefu wa gari lako, kisha urudi kushoto ukiwa mita 20 mbele yake, umelipita kwa jumla ya mita 62. Hizo ni sekunde 11.

Ndani ya sekunde hizo gari lako limekula karibu mita 250 za barabara. Matatu inayokuja kwa 80 nayo imekula 250. Kwa hivyo hata ikiwa nusu kilomita mbali unapoanza, mnapishana wakati uleule unaporudi upande wako.

Sasa trela liwe linakwenda 75. Tofauti ni 5. Utakaa upande usio wako sekunde 45, karibu kilomita nzima, na utahitaji barabara tupu ya kilomita 2. Hii ndiyo hali ya matatu na mabasi, ambayo sheria haiyaruhusu kuzidi 80, na hapo hatujahesabu urefu wa basi. Barabara hii iko chini ya KeNHA, lakini majeruhi wake hupokewa katika hospitali ya kaunti, Voi.

Jicho halitusaidii sana. Gari linalokujia moja kwa moja halisogei kushoto wala kulia. Linakua tu, taratibu likiwa mbali, kisha ghafla limejaa kioo. Usiku, gari lenye taa moja hudhaniwa kuwa pikipiki.

Lipo zoezi rahisi, na hata abiria wanaweza kulifanya. Mkiwa nyuma ya trela la 60, nanyi mnakwenda 60, chagua gari linalokuja na uhesabu sekunde hadi liwapite. Likifika kabla ya sekunde 13, kuovateki kwa 80 kungeishia kwa kugongana. Kumi na tano bado ni kujibana. Ngojeni nafasi ya 20. Penye mstari wa manjano usiokatika hakuna hesabu ya kufanya: hairuhusiwi kupita, hata kama lori linapanda mlima kwa 20.

Dereva wa trela naye ana sehemu yake. Wapo wanaokanyaga mafuta wakiona wanapitwa, na kila kilomita wanayoongeza hupunguza ile tofauti. Akishuka kutoka 60 hadi 50, tofauti inakuwa 30, na sekunde 11 za mwenzake zinakuwa 7 na nusu.