Mbwa aliyemng'ata mtoto akiuawa, kichwa chake kisitupwe

Mzazi, tuseme unaishi Kinampanda, wilayani Iramba mkoani Singida. Mtoto anarudi kuteka maji jioni, mbwa asiyejulikana mwenyewe anatokea vichakani na kumng'ata mguuni. Vijana wanamkimbiza kwa marungu, wanamponda kichwa, mzoga unatupwa korongoni. Kesho yake daktari anakuuliza: "Mbwa mwenyewe yuko wapi?" Huna jibu.

Daktari haulizi ili kupoteza muda. Virusi vya kichaa cha mbwa havisafiri kwa damu, kwa hiyo kumpima mbwa damu hakusaidii kitu. Vikishaingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye mate. Ndiyo maana maabara inataka ubongo wa mnyama aliyekufa, hasa sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo na ule ubongo mdogo wa kisogoni. Kichwa kikipondwa, au mzoga ukilala juani siku mbili, ushahidi umeharibika.

Zamani wataalamu walitegemea vidoa ambavyo Mwitaliano Adelchi Negri aliviona kwa hadubini ndani ya ubongo mwaka 1903. Vikionekana, ugonjwa upo. Tatizo ni kwamba wanyama wengi wagonjwa hawana vidoa hivyo. Kipimo kinachotegemewa sasa hutumia kingamwili zilizotiwa rangi: zikikuta virusi hunata, na chini ya hadubini maalumu hung'aa kijani. Ubongo ukishafika maabara, majibu hupatikana kwa saa chache. Kipo pia kipimo kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida, na watafiti wamekijaribu hapa hapa nchini, Serengeti.

Kinachochelewesha mara nyingi ni safari. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una vituo kwenye kanda, lakini maabara yake kuu iko Temeke, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kinampanda. Sampuli lazima isafiri kwenye barafu, imefungwa vizuri isivuje. Ubongo uliooza ukionyesha virusi, amini. Usipoonyesha, majibu hayo hayakuhakikishii lolote.

Kwa hiyo mbwa akiuawa, msiguse mzoga kwa mikono mitupu. Ufunikeni, uwekeni kivulini mbali na watoto na mbwa wengine, mpigieni ofisa mifugo wa kata. Kukata kichwa ni kazi yake, si ya mzee wa kijiji mwenye panga kali. Tena si lazima fuvu lipasuliwe: mtaalamu anaweza kuchukua ubongo kwa kupitisha mrija wa plastiki kwenye tundu la nyuma ya fuvu.

Lakini hapa naomba unielewe vizuri: mtoto hasubiri majibu. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, hata kama analia. Kisha mpeleke kituo cha afya aanze chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Maabara ikisema mnyama hakuwa na virusi, daktari ndiye ataamua kama sindano zilizobaki zisitishwe. Usiziache kwa sababu nauli imekwisha au kidonda kimekauka.

Na kama mbwa yuko hai na anafahamika? Huyo msimuue. Afungwe mahali salama, aangaliwe na mtaalamu kwa siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Akiugua au akifa kabla ya hapo, ofisa mifugo achukue sampuli.

Jambo jingine linasahauliwa sana na wafugaji. Ng'ombe na punda nao huambukizwa wakiumwa na mbwa. Ng'ombe anatokwa udenda, anashindwa kumeza, na mwenye zizi anadhani amekwamwa na kitu kooni. Anaingiza mkono mdomoni kukitafuta. Kama umewahi kufanya hivyo kwa mnyama aliyekufa siku chache baadaye, nenda kituo cha afya leo ukaeleze, hata kama hukung'atwa.